Shafti ya Usukani kwenye Gari la Zamani: Maswali Yanayoulizwa Gerejini

Usukani unagonga nikipita kwenye tuta. Ni shafti?

Huenda, lakini usinunue kipuri kabla ya kupima. Corolla au Hilux ya miaka ya 1990 inayopanda na kushuka vilima vya Gikondo, Kigali, kila siku huchakaa sehemu nyingi kwa pamoja: tairodi, boljointi, mipira ya raki. Zote hugonga kwa sauti inayokaribiana. Zima injini, acha ufunguo umefungua loki, magurudumu yakiwa chini. Mtu mmoja autikise usukani kidogo kidogo kushoto na kulia. Mwingine ashike krosi ya shafti, ambayo waliosomea kwa Kifaransa huiita kadani. Moja iko karibu na pedali, nyingine upande wa injini. Upande mmoja wa krosi ukitangulia kabla wa pili haujafuata, umempata mwizi. Krosi ikiwa imetulia, lala chini ya gari ukague tairodi.

Mbona usukani wangu hauchezi ila ni mzito?

Krosi pia hukauka, maji na vumbi vikishamaliza grisi. Dalili yake ni usukani kukaza mara mbili katika kila mzunguko, na kutorudi wenyewe baada ya kona. Madereva wengi hulaumu pampu ya hidroliki bure.

Fundi anasema ataichomelea. Nikubali?

Hapana, hata kama bei inavutia. Shafti na nguzo ya usukani kwenye magari mengi hutengenezwa zijikunje au ziingiliane gari likigonga kwa mbele, zisimchome dereva kifuani. Marekani ilifanya hilo kuwa sharti la kisheria kwa magari madogo tangu 1968. Nyingi zina pini za plastiki zinazokatika kwa makusudi wakati wa ajali. Moto wa kuchomelea huziyeyusha, na huharibu uimara wa chuma chenyewe. Kiungo hicho hutoka gerejini kinang'aa, kikavunjika siku usiyoijua, na breki hazigeuzi gari kwenye kona.

Kuna gari moja la kuliangalia zaidi: lililohamishiwa usukani kutoka kulia kwenda kushoto. Rwanda huendesha upande wa kulia wa barabara, ilhali Uganda, Tanzania na Kenya huendesha kushoto, kwa hiyo magari ya namna hiyo yapo. Tazama kama shafti imerefushwa kwa bomba. Tazama pia kama uma za krosi mbili zimepangwa sawasawa. Zikipishana, usukani huwa mwepesi na mzito kwa zamu.

Kazi yenyewe ya kubadilisha shafti hufanywaje?

Magurudumu yaelekee mbele. Kama usukani una eabegi, ondoa waya wa hasi wa betri na usubiri; Toyota hutaka angalau sekunde 90. Kisha ufunge usukani usizunguke. Hapa ndipo wengi huharibu: usukani ukizungushwa shafti ikiwa imetolewa, utepe wa umeme ulio nyuma yake hukatika, na taa ya eabegi huwaka. Piga alama ya rangi kwenye meno ya shafti na krosi ili virudi vilevile. Boliti ya kubana itolewe kabisa, kulegeza hakutoshi, maana hupita kwenye mfereji wa shafti. Wakati wa kurudisha, hakikisha imepita humo humo. Shafti ambayo haijaingia mpaka mwisho inaweza kubana vizuri leo ikachomoka baadaye. Kaza kwa spana ya kipimo kufuata kitabu cha gari. Kwenye Toyota nyingi ni karibu nyutoni-mita 35.

Gari limepita ukaguzi. Bado niangalie?

Ndiyo. Gari binafsi nchini Rwanda hukaguliwa mara moja kwa mwaka, la abiria kila miezi 6, na cheti huonyesha hali ya siku ile tu. Usukani ukianza kugonga wiki mbili baadaye, pima tena. Na fundi akiwasha mashine ya kuchomelea, omba funguo zako uende gereji nyingine.