Jengo la Zamani: Tubomoe ama Tutengeneze?



Vikundi vyetu vingi vina jengo kuukuu la kuhangaikia. Ni ghala, ni darasa, ni jumba la mikutano. Paa linavuja, na kila mkutano ubishi ni ule ule: tubomoe ama tutengeneze? Leo tutajifunza kutoka mbali kidogo, mji wa Nashville huko Marekani, ambako watu wa mtaa mmoja walikataa jumba lao la sinema life.

Jumba lenyewe linaitwa Belcourt. Lilifunguliwa mwaka wa 1925 likiitwa Hillsboro, wakati filamu zilikuwa bado hazina sauti. Halikukaa na kazi moja. Kati ya 1934 na 1936 lilikuwa makao ya Grand Ole Opry, kile kipindi cha redio cha muziki wa kwao wa mashambani. Baadaye likawa la michezo ya kuigiza, kisha likarudia filamu, na katika miaka ya 1960 likaongezewa ukumbi wa pili. Kumbe jengo imara linaweza kubadilishiwa kazi mara nyingi bila kuangushwa!

Shida ilitoka wapi? Televisheni iliingia nyumbani, halafu kandokando ya mji zikajengwa sinema kubwa zenye kumbi nyingi na nafasi ya kuegesha magari. Tena sinema haibaki na pesa zote za tikiti. Sehemu kubwa huenda kwa wenye filamu, ndiyo maana lazima iuze bisi na soda. Watu wakipungua, matengenezo yanaahirishwa. Matengenezo yakiahirishwa, watu wanazidi kupungua. Hapa kwetu pia, kumbi kadhaa za sinema zimegeuzwa maduka ama makanisa. Belcourt ilifungwa Januari 1999.

Hapo ndipo majirani walipounda kikundi, wakakiita Belcourt YES! Basi angalieni vizuri hatua zao. Hawakuanza kwa kununua jengo. Walianza kwa kutafuta watu wa kuliunga mkono na kuchangisha pesa. Mwaka wa 2000 milango ikafunguliwa tena chini ya shirika lisilogawana faida. Jengo walilinunua mwaka wa 2007. Ukarabati mkubwa ulianza mwishoni mwa 2015, na watu wakaingia tena Julai 2016. Gharama ilikuwa kama dola milioni 5.

Hesabuni wenyewe: kutoka kufungua hadi ukarabati mkubwa ni miaka 15. Katika vikundi vyetu mara nyingi tunafanya kinyume. Tunapaka rangi kwanza, tunaalika mgeni wa heshima, halafu hati ya ardhi tunaitafuta baadaye. Mpangaji akijenga kwa pesa nyingi kwenye mali ya mwingine, mwenye mali anaweza kupandisha kodi ama kumwambia ahame, na jasho lote linabaki pale.

Na pesa zile zilifanya nini? Kumbi mbili za zamani zilibaki. Waliongeza ukumbi wa tatu, mdogo sana, wa viti 34 tu, ili filamu yenye watazamaji wachache isipotezewe ukumbi mkubwa. Waliweka lifti kwa wazee na walemavu, wakaongeza vyoo. Msicheke habari za vyoo. Mama aliyekosa choo mara moja hatarudi, na hatawaambia kwa nini.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:

Jengo tunalotumia limeandikwa kwa jina la nani, na hati iko wapi?

Mapato ya mwezi yanatosha kulitunza bila mfadhili? Mweka hazina alete daftari.

Nani katika kijiji hawezi kuingia humo kwa sababu ya ngazi, giza ama choo?