Maambukizi ya Sikio la Nje: Acha Kuchokonoa

Sikio likiuma, wengi wanaooga ziwani Musoma na Bunda huyalaumu maji. Lawama hiyo ina nusu tu ya ukweli. Tundu la sikio la mtu mzima, lenye urefu wa takriban sentimita 2.5, lina nta ambayo si uchafu, bali ni kinga: asidi yake huzuia bakteria na fangasi kuzaliana. Maji yakikaa humo hulainisha ngozi, lakini njiti ya kiberiti, unyoya wa kuku au kijiti cha pamba ndivyo vinavyokwangua nta na kuchubua ngozi, vimelea wakapata pa kuingilia. Ndiyo maana hata mkazi wa Butiama asiyekanyaga ziwani huugua. Wapo watakaouliza: nisiposafisha, sikio si litaziba? Kwa kawaida halizibi, kwani nta husogea yenyewe kuelekea nje. Kijiti ndicho kinachoishindilia ndani.

Ugonjwa huanza kwa muwasho. Hufuata maumivu yanayozidi ukivuta sikio au ukibonyeza kinyama kilicho mbele ya tundu. Pengine majimaji au usaha hutoka na usikivu hupungua. Tiba kuu ni kusafishwa sikio na mhudumu wa afya, dawa ya matone na ya kutuliza maumivu. Vidonge vya antibayotiki havihitajiki kwa wagonjwa wengi, kwa kuwa matone hufika penyewe penye ugonjwa. Basi kwa nini usijinunulie matone dukani? Kwa sababu dawa ya bakteria haiui fangasi, na baadhi ya matone, kama ya gentamaisini, yanaweza kudhuru usikivu iwapo ngoma ya sikio imetoboka. Anza zahanati au kituo cha afya. Ikibidi utapewa rufaa hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Mara, ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, Musoma. Mwenye kisukari au kinga dhaifu asisubiri, maana maambukizi yanaweza kufika kwenye mfupa.

Hatumkatazi mvuvi maji yanayomlisha. Ukitoka ziwani, inamisha kichwa kila upande maji yatoke, kisha futa sikio kwa nje na kitambaa safi. Ukiwa kwenye matibabu, usiogelee hadi upone. Usitie mafuta ya moto wala maji ya majani, na usiingize kitu chochote sikioni.