Duka la Jangwani Lisilouza Kitu

SWALI: Nimeona picha ya duka la Prada lililo peke yake jangwani Texas, Marekani. Nasikia serikali iliwahi kuliona haramu. Kama ni sanaa, kosa liko wapi?

JIBU: Kosa lilikuwa lile jina lililoandikwa mbele. Prada Marfa ilijengwa mwaka 2005 na wasanii Michael Elmgreen na Ingar Dragset, kando ya barabara kuu namba 90, karibu na mji mdogo wa Valentine. Mlango haufunguki. Mikoba iliyomo imetolewa kitako, kwa kuwa wezi walivunja na kukomba bidhaa siku chache tu baada ya uzinduzi.

Sheria ya mwaka 1965, iliyotiwa saini na Rais Lyndon Johnson, inadhibiti mabango ya barabara kuu, na jimbo linalozembea huweza kukatwa asilimia 10 ya fedha za barabara. Ndiyo maana mwaka 2013 maofisa wa Texas walisema nembo ya kampuni ni tangazo, na hili halikuwa na kibali. Mwaka huohuo kampuni ya Playboy ilisimamisha nembo yake, sungura wa taa za neoni, karibu na mji wa Marfa, naye akaamriwa aondoke. Kwangu mimi hayo mawili hayafanani: Prada waliridhia jina litumike, lakini wazo lilikuwa la wasanii, ilhali sungura aliagizwa na kampuni yenyewe.

Mwaka 2014 jengo lilinusurika kwa kutambuliwa kuwa makumbusho yenye kazi moja tu ya sanaa, yaani jengo lenyewe.