Bima ya Mama Si ya Kufurahisha Ubalozi

Safari hii nimeandikiwa na binti wa Tabata. Dada yake amejifungua huko Hamburg, na mama anajiandaa kwenda kumwangalia mzazi kwa miezi miwili. Mama ana miaka 67, ana presha, anameza dawa kila siku. Pasipoti ipo, tiketi imeshawekewa nafasi, kilichobaki ni bima ya safari. Wakala wa tiketi amewaambia, "Chukueni hii ya bei poa, viza inatoka bila shida." Binti anauliza: achukue?

Subiri kwanza, mdogo wangu. Wakala hajakudanganya, viza inaweza kutoka vizuri tu. Ila yeye amejibu swali la ubalozi, na wewe una swali jingine: mama akianguka bafuni saa nane usiku huko Hamburg, nani atalipa?

Ubalozi hauna makuu. Kanuni ya viza za Schengen ya mwaka 2009 inataka bima yenye kiwango kisichopungua yuro 30,000, inayolipia matibabu ya dharura, kulazwa hospitali, na kurudishwa nyumbani kwa ugonjwa au kifo, tena ifanye kazi katika nchi zote za Schengen kwa siku zote atakazokaa. Basi. Humo hakuna anayekuuliza kama presha ya mama imo kwenye mkataba. Ndiyo maana bima mbili zinaweza kupita dirisha lile lile la viza, moja ikamwokoa mgonjwa na nyingine ikamwacha koridoni.

Kwa hiyo mkataba usiusome kuanzia mbele, kwenye ule ukurasa wenye picha ya ndege na familia inayocheka. Nenda moja kwa moja kwenye orodha ya mambo wasiyoyalipa. Tafuta magonjwa ambayo mtu alikuwa nayo kabla ya kukata bima. Kampuni nyingine zinayatoa kabisa: presha, kisukari, moyo, na chochote kinachotokana navyo, kiharusi kikiwemo. Nyingine zinalipa dharura ya ghafla tu, na kwa kiwango kidogo kuliko kile kilichoandikwa kwa herufi kubwa. Zipo pia zinazoukubali ugonjwa kwa kuongeza ada, baada ya kuona barua ya daktari. Kwa mama wa miaka 67, hiyo ya tatu ndiyo ya kutafuta hata kama bei yake inauma.

Usiridhike na "usijali dada, kila kitu kimo" ya kwenye simu. Andika barua pepe kwa kampuni yenyewe: mama yangu ana umri huu, ana presha tangu mwaka fulani, anatumia dawa hizi, akipata kiharusi au matatizo ya moyo akiwa Ujerumani, mtalipa, na mpaka kiasi gani? Jibu likija, lichapishe, liambatishe na cheti cha bima. Umri nao uulizie humo humo, maana baadhi ya mikataba hupunguza kiwango cha malipo mtu akishavuka umri fulani, na tarakimu hiyo hufichwa kwenye jedwali la nyuma.

Najua kuna shangazi atakayekunong'oneza: "Kwenye fomu jaza kwamba mama mzima, nani atajua?" Watajua. Mama akifikishwa hospitali, swali la kwanza daktari atakalomuuliza dada yako ni dawa gani mgonjwa anatumia. Dada ataitaja, kwa sababu asipoitaja mama anaweza kufa. Daktari ataandika. Kampuni ya bima, kabla ya kulipa, itaomba faili hilo, na huenda ikaomba na la kliniki yake ya hapa nyumbani. Hapo ndipo dai linapokataliwa, na ada mliyolipa haiwasaidii kitu.

Hapo kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii mpaka limewafika. Ujerumani, mwenyeji anayemwalika mgeni mara nyingi husaini hati rasmi ya dhamana huko kwenye ofisi ya wageni, kwamba gharama za mgeni ziko juu yake. Gharama hizo ni pamoja na matibabu. Bima ikikataa kulipa, bili inaweza kumfuata dada yako, mwenye kichanga mkononi. Mwambie hivyo kabla hajakutumia ujumbe wa "tafuteni tu ya bei rahisi."

Na tuseme lile tusilopenda kulisema. Mnajua jinsi magrupu ya WhatsApp ya Watanzania wa ughaibuni yanavyokuwa mwenzetu akifariki: michango usiku na mchana, mhazini anatuma orodha, wiki zinapita, na maiti bado haijaondoka. Bima nzuri hulipa kusafirisha mwili. Angalia kiwango cha kipengele hicho peke yake, maana kuna mikataba ambayo jumla yake ni kubwa lakini kwa kusafirisha mwili wameweka kiasi kidogo.

Njia nayo ihesabu. Kutoka Dar mama huenda akapitia Doha, Istanbul au Addis Ababa. Bima iliyoandikwa Schengen pekee haimhusu akizidiwa akiwa anasubiri ndege ya pili. Na kama mpango ni kwenda pia kumsalimia mjomba London, kumbukeni Uingereza haimo Schengen. Uswisi imo, ingawa si mwanachama wa Umoja wa Ulaya. Mimi ningechukua ya dunia nzima, ianze siku anayotoka nyumbani hadi siku anayorudi, na kuongeza siku chache mbele kwa ajili ya ndege kuahirishwa.

Kuhusu kampuni: iwe imesajiliwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, na wakala naye awe na leseni yake. Kwa ndugu zetu wa Kenya, msimamizi ni IRA. Pesa ilipwe kwenye akaunti ya kampuni, si kwenye namba binafsi ya simu ya wakala, na risiti mkae nayo. Kampuni ya hapa ina faida moja kubwa: mkigombana kuhusu fidia, unaweza kupeleka malalamiko kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Uliza pia mama akinyimwa viza wanarudisha kiasi gani, na wanataka karatasi gani.

Halafu fanya jaribio moja ambalo watu hulionea aibu. Kabla ya kulipa, piga ile namba ya dharura ya saa 24 iliyoandikwa kwenye cheti, na uipige usiku. Ikiita bila kupokelewa, umepata jibu lako. Ikipokelewa, uliza: mgonjwa akilazwa, mnatuma hospitali barua ya kudhamini malipo, au sisi tunalipa kwanza ndipo mturudishie? Kuna tofauti kubwa kati ya hayo mawili kwa mtu ambaye hana maelfu ya yuro kwenye akaunti. Uliza na kile kiasi ambacho mwenye bima hujilipia mwenyewe katika kila dai.

Begi kupotea na ndege kuchelewa sitavipa nafasi kubwa. Mama aripoti begi kabla hajatoka uwanjani, apewe karatasi, atunze na vipande vya tiketi. Inatosha.

Dawa za presha abebe za safari nzima na ziada, kwenye mkoba wa mkononi, pamoja na barua ya daktari. Bima hailipi dawa za kawaida zilizoisha.

Na kadi ya bima ya afya ya NHIF, mdogo wangu, iacheni kabatini. Hamburg haitambuliki.

Wenye ndugu wanaokuja huku na pasipoti za nje nao wasishangae: tangu 1 Oktoba 2024 mgeni anayeingia Zanzibar anatakiwa kukata bima ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima, hata kama ana bima nyingine mfukoni.

Binti wa Tabata, mrudishie wakala karatasi yake kwa adabu. Kesho andika ile barua pepe kwa kampuni mbili au tatu. Itakayokujibu kwa maandishi kuhusu presha ya mama, na ikapokea simu usiku, hiyo ndiyo ulipe. Ikisita kuandika, hamia nyingine.