Joto la Kilambo Litumike Wapi?



Juni na Julai baridi ya Bulyaga mnaijua. Kamati zaidi ya moja zimetuuliza: kwa kuwa chini ya milima yetu ya Rungwe na Kyejo kuna moto, je, maji ya moto ya Kilambo hayawezi kuletwa Tukuyu kwa bomba, yapashe joto mabweni na vyumba vya wagonjwa?

Jotoardhi si kwa umeme tu. Huko Iceland, nyumba takriban 9 kati ya kila 10 hupashwa joto kwa maji yatokayo ardhini. Jirani zetu wa Kenya nao wamelitumia: shamba la maua la Oserian, Naivasha, lilianza mwaka 2003 kupasha joto vitalu nyumba usiku kwa kisima lilichokodi kwa KenGen. Unyevu ulipungua, na magonjwa ya ukungu kwenye waridi pia.

Hata hivyo, bomba la Bulyaga hatuliungi mkono. Maji ya Kilambo yana joto la nyuzi 60 na kidogo, tena yanatoka bondeni, kuelekea Kyela, mamia ya mita chini yetu. Kuyasukuma mlimani kungekula umeme mwingi, na yangefika yamepoa. Maji ya Reykjavik husafiri kilomita 27 kutoka Nesjavellir, lakini huanza safari yakiwa na nyuzi zaidi ya 80. Kwa mabweni ya Bulyaga, dari na madirisha yanayofunga vizuri vitasaidia mapema zaidi.

Basi joto litumike lilipo. Huko bondeni watu hawana baridi, wana kakao. Ikishavundikwa, kakao hutakiwa kukaushwa hadi unyevu ubaki kama asilimia 7. Mvua ikishika, punje huota ukungu chanjani. Mkulima akiwasha kuni, moshi huingia kwenye punje na mnunuzi hushusha bei. Maji ya nyuzi 60 yakipita ndani ya mabomba chini ya chanja, hewa hupata joto la kutosha bila moshi wala kuni. Maji yenyewe hayagusi kakao, kwa hiyo chumvi zake haziiharibu, ingawa huziba mabomba, na lazima awepo mtu wa kuyasafisha.

Kampuni ya serikali ya jotoardhi, TGDC, ilichimba visima vya majaribio eneo la Kyejo-Mbaka mwaka 2021. Kamati isichimbe wala kujenga bila kuzungumza nayo na halmashauri ya Busokelo. Jambo la pili ni hewa ya ukaa. Hutoka ardhini sehemu za Kyejo, na huko Ikama huvunwa kwa biashara. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hutuama mabondeni, haionekani, na huua. Wenzetu wa Goma huita sehemu hizo mazuku. Chanja lijengwe mahali palipoinuka, penye upepo.

Kwa wafadhili: ombi letu la robo hii ni gharama za vipimo vya maji na hewa, na chanja moja la majaribio. Kamati za bondeni zituletee kabla ya masika hesabu ya magunia ya kakao yaliyoharibika msimu uliopita, kijiji kwa kijiji.