Mwitalia Aliyechora Ngome ya Mombasa

Apitaye Mji wa Kale wa Mombasa huiona Ngome ya Yesu juu ya mwamba wa matumbawe, karibu na mlango wa bandari. Wengi hudhani kwamba aliyeichora alikuwa Mreno. Sivyo, alikuwa Mwitalia wa Milano, Giovanni Battista Cairati. Zama hizo mafundi wa ngome, kama manahodha, walimtumikia mfalme yeyote aliyehitaji ujuzi wao. Cairati alimtumikia Philip II wa Uhispania, ambaye tangu 1580 alitawala Ureno pia, na kwa hiyo akawekwa Goa, Bara Hindi, kuwa mkuu wa kazi za ngome. Alishughulikia maboma ya Wareno toka Hormuz hata Malacca.

Mombasa ilipata ngome kwa sababu ya hofu. Mwaka wa 1585, na tena 1588, Mturuki Mir Ali Bey alikuja na merikebu, na miji kadhaa ya pwani ikampokea. Wareno walimkamata Mombasa mwaka wa 1589; ujenzi ukaanza 1593.

Mnara wa duara una aibu moja: adui akifika chini yake, walio juu hawamwoni. Cairati alichora buruji nne zenye pembe, zilizochomoza nje ya ukuta, ili walinzi wa buruji moja waweze kumpiga adui aliye mbele ya nyingine. Handaki likachimbwa katika mwamba wenyewe. Yeye alifariki Goa mwaka wa 1596, na hii ikawa ngome yake ya mwisho.

Pembe hizo hazikumzuia Sultani Yusuf bin Hasan mwaka wa 1631. Aliingia kwa mlango, kama mgeni, akamwua kapiteni wa Wareno.

Jaribio kubwa lilianza Machi 1696, majeshi ya Imamu wa Oman, Saif bin Sultan, yalipoizingira ngome. Watu wengi wa Mombasa walikimbilia ndani. Kuta zilistahimili, lakini chakula kilipungua, kisha maradhi yakawaua watu kwa wingi kuliko risasi. Katikati ya 1697 Wareno walikuwa wamekwisha karibu wote, na ulinzi ukawa mikononi mwa Bwana Daud wa Faza, pamoja na jamaa zake wachache na wanawake wa Kiafrika waliosimama juu ya kuta wakipigana. Hawa hawatajwi mara nyingi, ingawa bila wao ngome ingaliangukia mikononi mwa adui mwaka huo. Hatimaye msaada ulifika, na mazingira yakaendelea.

Usiku wa kuamkia 13 Desemba 1698, baada ya miezi 33, Waarabu waliupanda ukuta. Waliobaki ndani walikuwa wachache mno, hata buruji nne hazikuweza kulindwa zote. Siku chache baadaye merikebu za msaada zilitokea baharini. Zikaiona bendera ya Oman juu ya ngome, zikageuka.