Kranberi Katika Chakula cha Familia
Kijitabu kwa familia zinazozungumza Kiswahili nchini Marekani

Kuanzia mwishoni mwa Septemba, maduka ya vyakula huanza kupanga vifuko vya matunda mekundu, magumu, yenye ukubwa wa njugu mawe. Hizo ni kranberi. Asili yake ni Amerika Kaskazini. Wawampanoag wa Massachusetts walizila kwa karne nyingi kabla ya Wazungu kufika. Leo zaidi ya nusu ya mavuno ya Marekani hutoka Wisconsin. Aliyezitafuna mbichi mara moja huenda asirudie tena, maana ni chachu na zina ukakasi.

Uchachu huo ndio unaotufaa. Jikoni kwetu tayari una kazi: ndimu kwenye samaki, ukwaju kwenye mchuzi, nyanya kwenye maharage. Zipe kranberi kazi hiyo hiyo. Wamarekani wengi huzichemsha kwa sukari nyingi zikawa rojo tamu la kulia bata mzinga Sikukuu ya Shukrani. Zikiingia kwenye mchuzi wa chumvi, hazihitaji sukari kabisa.

Mchuzi wa kuku
Kaanga vitunguu viwili kwa mafuta kidogo, ongeza kitunguu saumu na tangawizi, kisha kuku mmoja aliyekatwa vipande. Akishabadilika rangi, tia nyanya mbili, chumvi, na maji ya kutosha. Funika. Nyama ikikaribia kuiva, weka viazi vitamu viwili vilivyokatwa vidogo na nusu kikombe cha kranberi. Zitapasuka kwa mlio na mchuzi utaanza kuwa mzito wenyewe. Baada ya dakika 15 onja. Utamu wa viazi hupoza uchachu. Kama bado ni mkali, ongeza karoti iliyokwaruzwa. Hakikisha nyama imeiva hadi kwenye mfupa. Mchuzi huu huenda na wali, na kwa ugali ni mtamu zaidi.

Kabichi nayo hupendeza: ikaange na kitunguu, na kabla ya kuepua tupia kiganja cha kranberi zilizokatwakatwa.

Uji wa asubuhi
Uji wa ulezi au wa shayiri ukichemka, tia robo kikombe cha kranberi zilizokatwa, uache zilainike. Badala ya sukari, ponda ndizi mbivu mbili. Maziwa yatiwe mwisho, sufuria ikiwa imeshaepuliwa, la sivyo yataganda. Kwa watoto walio chini ya miaka minne, ponda kila tunda. Likiwa zima linaweza kuwakaba.

Dukani
Nunua mbichi au za kugandishwa. Gramu 100 za kranberi mbichi zina sukari ya asili ya gramu 4 hivi, pamoja na nyuzinyuzi na vitamini C. Zilizokaushwa ni jambo jingine: robo kikombe tu huwa na gramu 26 hivi za sukari ya kuongezwa, yaani zaidi ya vijiko sita vya chai. Usimpe mtoto kila siku ukidhani unampa tunda. Chupa za juisi nazo zisome. Penye neno “cocktail”, mara nyingi ni maji na sukari vilivyochanganywa na juisi kidogo. Angalia mstari wa “Added Sugars”.

Juisi ya kranberi haitibu maambukizi ya njia ya mkojo. Ukipata maumivu wakati wa kukojoa, homa au maumivu ya mgongo, nenda kliniki mapema, hasa ukiwa mjamzito. Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, amuulize daktari kabla ya kuzila au kunywa juisi yake mara kwa mara.

Kuhifadhi
Mavuno huisha Novemba, na baada ya sikukuu mbichi huadimika. Nunua vifuko vya ziada, toa zilizooza, kisha zigandishe kwenye friza bila kuziosha. Zitakaa hadi mwaka mmoja. Siku ya kupika, zioshe haraka na uzitie sufuriani zikiwa bado na barafu.